Darasa la Tisa Si Kifungo cha Maisha

Niko huku Sacramento, California. Najua nimewanyima habari kwa wiki kadhaa na wengine mmeanza kuuliza kama nimekwisha kuwa Mmarekani. Bado. Ila leo sina habari za joto la huku wala bei ya unga wa ugali kwenye duka la Wahindi. Leo nina ugomvi. Na ugomvi wenyewe ni na nyinyi, watu wangu wa damu, kwa hiyo nawaomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunipigia simu.

Hoja yangu ni moja na naisema mapema asije mtu akadai nimezungukazunguka. Mtoto aliyeanza sekondari vibaya hajafungiwa mlango wa chuo kikubwa. Huku nilipo milango hiyo ipo, masharti yake yameandikwa, tarehe zake zinajulikana, na ada yake inajulikana. Wanaowafungia watoto wetu ni sisi wenyewe, kwa haraka yetu ya kuhukumu, kwa aibu yetu mbele ya majirani, na kwa ugonjwa wetu wa kuabudu majina ya vyuo ambavyo hatujui hata vinachaguaje wanafunzi.

Wengi wenu mnakijua kisa kilichonisukuma kuandika, lakini kwa marafiki wasiokijua nitakieleza. Binti wa dada yangu alikuja huku akiwa na miaka 14, amemaliza darasa la saba na kuonja kidato cha kwanza kule Morogoro. Akaingizwa darasa la tisa, ambalo ndilo mwanzo wa sekondari ya Marekani, inayokwenda mpaka darasa la kumi na mbili. Kiingereza chake kilikuwa cha kunakili ubaoni, si cha kumfuata mwalimu anayeongea haraka kama konda wa daladala. Mwaka ule akapata D ya hesabu, D ya baiolojia, na C za kujaza kapu. Mama yake kwa uchungu akaituma ripoti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo akiomba dua.

Dua zilikuja chache. Hukumu zilikuja nyingi.

Baba Mkubwa aliandika kwamba mtoto arudishwe haraka kabla hajaharibika zaidi. Shangazi akasema ndio hao wanaoishia kubeba maboksi. Kaka mmoja, msomi kabisa mwenye shahada mbili, akaandika neno moja tu: "Amekwisha." Jamani! Mtoto wa miaka 14, amekwisha! Hata embe halihukumiwi likiwa bado ua.

Miaka imepita. Darasa la kumi binti alipanda, C nyingi zikawa B. Zile D mbili alizirudia wakati wa likizo ya kiangazi, wenzake wakiwa mtoni wanaogelea. Darasa la kumi na moja alileta A nne na B mbili, na mojawapo ya hizo A ni ya kemia. Sasa yuko darasa la kumi na mbili na msimu wa kuomba vyuo umefika. Nilitegemea sasa nitasikia vigelegele. Badala yake mjadala umeanza upya: "Lakini si alifeli darasa la tisa, nani atamchukua?" Na kubwa kuliko yote, amepatikana dalali wa vyuo, jina lake nalihifadhi, anayetaka dola 3,000 ili amtafutie binti nafasi katika chuo cha binafsi kwenye jimbo la mbali. Fedha hizo, pamoja na ada ya mwaka wa kwanza, zitapatikana kwa kuuza kiwanja cha Babu. Nasikia kikao kimeitishwa Jumapili.

Kabla hamjakaa hicho kikao, naomba niwaeleze vyuo vya huku vinaangalia nini hasa.

Tuanze na chuo kikuu cha umma cha jimbo letu, University of California, ambacho Berkeley na Los Angeles ni kampasi zake. Kampasi zinazopokea wanafunzi wa shahada ya kwanza ni 9. Wanapokokotoa wastani wa alama, ile GPA ambayo kaka msomi anaipenda sana, wanahesabu masomo yaliyosomwa kuanzia baada ya darasa la tisa hadi kiangazi kinachofuata darasa la kumi na moja. Alama za darasa la tisa haziingii kwenye hesabu hiyo. Someni tena sentensi hiyo, halafu mpelekeeni Shangazi. Ile ripoti mliyoililia matanga haimo kwenye wastani!

Si kwamba darasa la tisa halina kazi. Somo lazima lifaulu kwa C au zaidi ili lihesabike kuwa limesomwa, na ndiyo sababu binti alizirudia zile D. Utaratibu unaruhusu: aliyepata D au F anarudia, na alama mpya ndiyo inayotumika. Mkazi wa California anatakiwa awe na wastani usiopungua 3.0 ili maombi yake yafikiriwe, ingawa sitawadanganya, wanaochukuliwa Berkeley na Los Angeles kwa kawaida wako juu sana ya hapo. Na ile mitihani ya SAT na ACT ambayo zamani ilikuwa inawatoa watoto jasho, tangu mwaka 2021 chuo hicho hakiitumii kuamua nani aingie na nani asiingie.

Vyuo vikubwa vya binafsi, akina Stanford na Yale, ni habari nyingine. Wao wanaletewa rekodi ya miaka yote, pamoja na darasa la tisa, na wanachagua chini ya mtu 1 kati ya waombaji 10. Hata watoto wenye A tupu wanakataliwa huko kwa maelfu. Lakini hata hao hawasomi rekodi kama karani anayejumlisha risiti. Wanatazama mtoto anaelekea wapi: anapanda au anashuka, amechukua masomo magumu au amejificha kwenye mepesi, walimu wanasemaje juu yake, na yeye mwenyewe anajielezaje kwenye insha. Aliyeanza na C akamaliza na A ana habari ya kueleza. Aliyeanza na A akamaliza na C ana maswali ya kujibu. Sisi nyumbani tunawapanga kinyume chake.

Huo ni mlango wa mbele. Sasa niwapeleke mlango wa pili, ule mnaoudharau.

California ina vyuo vya umma vya miaka miwili 116, vinavyoitwa vyuo vya jamii. Havichagui. Umemaliza sekondari, karibu. Hukumaliza lakini umefikisha miaka 18, karibu. Nilipovitaja kwenye kundi la ukoo, kaka mmoja akaandika, "Yaani mmemvusha bahari aende chuo cha kata?" na watu wakacheka, na vikatuni vya machozi ya kucheka vikamiminika. Haya, tucheke wote, halafu tupige hesabu.

Ada ya mkazi wa California kwenye chuo cha jamii ni dola 46 kwa yuniti moja. Ili uhamie chuo kikuu ukiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu unatakiwa kuwa na yuniti 60 za muhula. Zidisha: dola 2,760 kwa miaka miwili. Hiyo ni chini ya pesa anazotaka dalali kabla binti hajagusa hata kitabu! Na familia zenye kipato kidogo zinaweza kuomba zifutiwe hata hiyo ada, msaada ambao uko kisheria wala si wa kupigiana magoti. Vitabu na nauli vipo, siwafichi. Lakini miaka hiyohiyo miwili kwenye kampasi ya University of California ni zaidi ya dola 14,000 kila mwaka kwa ada peke yake, bila kitanda wala chakula, kwa asiyepata msaada. Watoto wanaotoka nyumbani kwa viza ya uanafunzi wanalipa mara kadhaa zaidi kwenye vyuo vya jamii kwa sababu si wakazi, ila mlango wa kuhamia uko wazi kwao pia.

Sasa sikilizeni jambo ambalo dalali hatawaambia. Mwanafunzi wa chuo cha jamii anapoomba kuhamia University of California mwaka wa tatu, wanachopima ni masomo na alama za chuoni. Alama za sekondari hazimfuati. Aliyepata D darasa la tisa, na hata aliyepata F darasa la kumi na mbili, anaanza ukurasa mpya, na ukurasa huo ndio unaosomwa. Zaidi ya hapo, kampasi 6 kati ya hizo 9, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zina mkataba wa maandishi na wanafunzi wa vyuo vya jamii: ukisoma masomo tuliyokupangia, ukafikisha wastani tuliouweka, ukaomba mwezi Septemba kabla ya mwaka unaotaka kuingia, nafasi yako ipo. Kuna fani zisizohusika, na kila kampasi ina wastani wake, lakini ni ahadi, tena ya maandishi. Hebu niambieni ni chuo gani kingine maarufu duniani kinachompa mtoto ahadi ya namna hiyo.

Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo kwenye mkataba huo. Huko unashindana. Lakini hata mashindano yenyewe yatazameni. Miaka ya karibuni kampasi ya Los Angeles imekuwa ikichukua kama mtu 1 kati ya 11 wanaoomba kutoka sekondari, na kama mtu 1 kati ya 4 wanaoomba kuhamia, wengi mno wa hao wakitoka vyuo hivihivi vya jamii. Na siku ya mahafali wote wanapewa cheti kimoja. Hakuna mstari mdogo chini unaosema "huyu aliingilia mlango wa uani."

Wala hili si jambo la kuoneana huruma. Ni mpango wa serikali. Mwaka 1960 California ilipitisha mpango mkuu wa elimu ya juu uliogawa kazi: vyuo vikuu vichague, vyuo vya jamii vifungue milango kwa wote, na katikati yake kuwe na ngazi ya kupandia. Waliopanga walijua kwamba watu hawaivi siku moja. Wengine wanaiva wakiwa na miaka 15, wengine 19, wengine wakiwa na wajukuu.

Mimi ninayesema haya nimekaa kwenye madarasa hayo. Nilisoma chuo cha jamii usiku, mchana natunza wazee kwa malipo ya saa. Kulia kwangu alikaa askari mstaafu aliyetoka vitani, kushoto mama wa Kimeksiko mwenye watoto wanne, mbele kijana aliyefukuzwa sekondari mbili. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa na shahada ya uzamivu na hakuuliza mtu darasa la tisa alipata ngapi. Aliuliza kama umefanya zoezi. Kutoka pale nikahamia chuo kikuu cha jimbo hapa Sacramento, nikatoka muuguzi. Mabati ya nyumba ya Babu mliyoezeka mwaka juzi yalinunuliwa na mshahara ulioanzia "chuo cha kata." Sisemi kwa masimango. Nasema kwa sababu hamkuuliza mabati yale yalipitia mlango gani.

Najua kuna atakayesema, "Hayo ni ya watu wadogo kama wewe, wakubwa hawapiti huko." Sawa, tumtaje mkubwa ambaye sisi Waafrika Mashariki tunampenda kuliko hata wenyewe wanavyompenda. Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya. Nyumbani tunamsimulia kana kwamba alizaliwa kipanga na Harvard ikamfuata kitandani. Yeye mwenyewe ameandika kwenye kitabu chake na kusema hadharani, ikiwemo hotuba yake kwa wanafunzi wa Marekani mwaka 2009, kwamba ujana wake haukuwa wa nidhamu wakati wote. Mwaka 1979 alianza chuo cha Occidental, Los Angeles. Ni chuo kizuri na si cha jamii, lakini si huko alikomalizia. Mwaka 1981 alihamia Columbia, New York, akamaliza mwaka 1983, na Harvard ya sheria ikaja baadaye kabisa. Alihama! Mlango uleule mnaoucheka kwenye kundi.

Na Columbia hiyohiyo tangu mwaka 1947 ina kitengo kizima, School of General Studies, kwa ajili ya watu ambao masomo yao yalikatika njiani. Princeton ilikaa miaka mingi bila kupokea wanaohamia, kisha kuanzia mwaka 2018 ikafungua tena, na ikasema inawatazama hasa wanaotoka vyuo vya jamii, askari wa zamani na watoto wa familia za kipato cha chini. Nafasi zao ni chache, simdanganyi mtu. Lakini ikiwa Princeton haioni aibu kuchukua mtoto wa chuo cha jamii, sisi wa Morogoro aibu yetu inatoka wapi?

Nitawaambia inatoka wapi. Inatoka kwenye mtihani mmoja. Tumelelewa kuamini kwamba kuna siku moja, karatasi moja, ukikosea umekwisha. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mtaa mzima unajua nani kipanga na nani kilaza, na jina hilo linamfuata mtu mpaka harusini. Sasa mnakumbuka matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013? Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Nchi ikapiga kelele, tume ikaundwa, na miezi michache baadaye serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Kuna watoto waliolala sifuri wakaamka na daraja. Majibu yaleyale, mwandiko uleule, kichwa kilekile. Mnataka niamini kwamba karatasi ya namna hiyo inaweza kusema nani amekwisha?

Na la kusikitisha zaidi, ngazi kama hii ipo hata huko nyumbani, na tunaidharau vilevile. Kijana anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kwenda astashahada, akapanda stashahada, na kwa stashahada nzuri akaingia chuo kikuu. Jirani zetu Kenya wanataka C+ kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari kwa anayekwenda moja kwa moja shahada, lakini nao wana njia ya kupanda kupitia stashahada. Nawafahamu watu waliopita huko ambao leo ni wahandisi. Lakini ukimuuliza mzazi mtoto yuko wapi, na mtoto yuko stashahada, mzazi anakohoa kwanza ndipo ajibu. Kikohozi hicho mtoto anakisikia, na wengi wameacha masomo kwa sababu ya kikohozi hicho.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana kuna wenzangu wa huku ughaibuni nao wanahitaji kusemwa. Wapo wanaowaambia ndugu zao kwamba Marekani kila mtu anapata nafasi ya pili, ni kuteleza tu mpaka Berkeley. Uongo huo ni mbaya sawasawa na hukumu ya Shangazi. Wengi wanaoingia chuo cha jamii wakisema watahama hawafiki kuhama. Wanashindwa kwa sababu wanafanya kazi saa nyingi mno, kwa sababu wanachukua masomo ambayo chuo kikuu wanachokitaka hakiyapokei, kwa sababu hawamwoni mshauri wa wanafunzi mpaka maji yafike shingoni. Kuna tovuti ya umma inaitwa ASSIST, haitozi hata senti, inaonyesha somo hili la chuo hiki cha jamii linapokelewa kama somo gani kule chuo kikuu. Ni wangapi wanaoifungua? Mlango kuwa wazi haina maana kwamba utabebwa kuupita. Anayepita ni yule mwenye mpango, mwenye mtu wa kumlipia nauli mwezi ukiwa mgumu, na mwenye nyumba isiyomwita kilaza.

Na hapo ndipo mnapoingia nyinyi. Ninayoyataka kabla ya Jumapili ni haya.

Kwanza, kiwanja cha Babu kisiuzwe. Hakuna kitu kwenye maombi ya chuo kinachohitaji kiwanja. Binti anajaza fomu mwenyewe kwenye kompyuta. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kupeleka maombi ya University of California, na familia ya kipato kidogo inaweza kuomba isamehewe hata ada ya fomu. Baada ya hapo, akikubaliwa kampasi anayoitaka kwa msaada wa karo unaotosha, ataenda. Asipokubaliwa, ataingia chuo cha jamii kilicho safari ya basi moja kutoka kwao, na baada ya miaka miwili ataomba tena akiwa na alama mpya. Njia zote mbili zinafika. Inayopitia kwa dalali ndiyo sijui inafika wapi.

Pili, dalali arudishwe alikotoka. Anauza ufunguo wa mlango usio na kufuli. Chuo anachokitaja kinapokea karibu kila anayeweza kulipa, kwa hiyo anachotafutiwa binti si nafasi, ni ankara. Kama mna dola 3,000 mkononi, hizo peke yake zinamaliza ada ya miaka miwili ya chuo cha jamii na chenji ya kununulia vitabu inabaki.

Tatu, acheni kumtungia mtoto msiba. Kuna mjomba ameshauri binti aandike kwenye insha kwamba alikuwa mkimbizi, au kwamba amefiwa, ili Wazungu wamwonee huruma. Astaghafirullah! Mama yake mnamzika yuko hai? Chuo kinampa maswali 8 achague 4, kila jibu lisizidi maneno 350, na kuna sehemu ya pembeni ya kueleza jambo lililoathiri alama. Mtoto ana ukweli unaotosha: alifika nchi ngeni akiwa na miaka 14, akasoma baiolojia kwa lugha aliyokuwa bado anaitafuta, akaanguka, akarudia, akapanda. Sentensi nne tano, bila kilio. Mtu mwenye akili akisoma hapo anaelewa.

Nne, na hili ndilo kubwa, badilisheni swali. Msimuulize "ulipata ngapi darasa la tisa?" Muulizeni anasoma nini sasa, anashindwa wapi, anahitaji nini. Ninyi hamjui jinsi maneno yenu yanavyosafiri. Mnaandika kwenye kundi mkiwa mnakunywa chai ya saa nne, yeye anayasoma usiku wa manane akiwa na kitabu cha fizikia mbele yake. Lile neno "Amekwisha" analikumbuka mpaka leo. Hajawahi kunilalamikia. Ila mama yake aliniambia kwamba alilinakili kwa kalamu nyuma ya daftari la hesabu, na kila akipata A anaandika tarehe chini yake. Mwaka jana ziliongezeka tarehe nne.

Baba Mkubwa, shikamoo. Najua wewe ndiye utakayekaa kiti cha mbele Jumapili, na najua unasema unayoyasema kwa kumpenda mtoto. Hukuwahi kuona njia nyingine kwa sababu enzi zenu kweli haikuwepo: waliochaguliwa walichaguliwa, walioachwa waliachwa, na darasa zima liligombania nafasi mbili. Lakini binti haishi kwenye enzi hiyo wala kwenye nchi hiyo. Mpeni baraka aombe kwa jina lake mwenyewe na alama zake mwenyewe, D zake na A zake. Na siku akikwambia anaanzia chuo cha jamii, usikohoe. Sema hongera, kwa sauti, na majirani wasikie.

Kwa leo niishie hapa. Wenye hasira nipigieni, simu iko wazi baada ya saa mbili usiku ya huko. Wenye watoto waliopata D mwaka huu, msiwafiche. Niandikieni tupange, maana bado kuna muda wa kutosha kabisa.